Hiroshima na Shinkolobwe: waliohesabiwa na wasiohesabiwa

Kila mwaka tarehe 6 Agosti, saa mbili na robo asubuhi, kengele hugongwa katika Bustani ya Amani mjini Hiroshima, magharibi mwa Japani, na umati wa watu husimama kimya kwa dakika moja. Chini ya mnara wa kumbukumbu limehifadhiwa sanduku la jiwe lenye madaftari ya majina ya watu waliokufa kutokana na bomu la atomiki lililodondoshwa na Marekani mwaka 1945. Majina hayo yamepita 340,000, na kila mwaka huongezwa ya manusura waliofariki katika miezi kumi na miwili iliyotangulia.

Sehemu kubwa ya madini yaliyotumika katika mradi uliotengeneza bomu hilo ilichimbwa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, katika migodi ambamo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi. Majina ya wachimbaji hao hayamo ndani ya sanduku la Hiroshima.

Makala haya yanaeleza bomu hilo lilivyouathiri mji na wakazi wake, madini yake yalikotoka, na jinsi swali la nani ahesabiwe kuwa mwathirika linavyoendelea kuulizwa miaka themanini baadaye.

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti

Hiroshima ulikuwa mji wa bandari wenye makao makuu ya jeshi, na siku hiyo ulikuwa na watu wapatao 350,000. Wengi wao walikuwa raia. Tofauti na miji mingi ya Japani, ulikuwa haujashambuliwa kwa kiasi kikubwa kutoka angani, na viongozi wa mji walikuwa wakibomoa nyumba ili kufungua njia pana za kuzuia moto usisambae endapo ndege zingekuja.

Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa shule za sekondari, wengi wao wenye umri wa miaka 12 na 13. Asubuhi hiyo maelfu yao walikuwa wamesimama uwanjani katikati ya mji, bila chochote cha kuwakinga. Wanafunzi wapatao 6,000 waliuawa.

Ndege ya Marekani iliyoitwa Enola Gay, ikiongozwa na Kanali Paul Tibbets, ilikuwa imeruka kutoka kisiwa cha Tinian katika bahari ya Pasifiki. Bomu ililolibeba, lililopewa jina la Little Boy, lilikuwa na kiasi cha kilo 64 za urani iliyorutubishwa. Lililipuka kiasi cha mita 600 juu ya ardhi, karibu na daraja la Aioi lililokuwa shabaha yake. Nguvu yake ilikadiriwa kuwa sawa na tani 15,000 za baruti ya TNT, ingawa urani iliyopasuka na kutoa nguvu hiyo haikufika hata kilo moja.

Madhara yalikuja kwa njia tatu. Kwanza ni joto. Ardhi iliyo chini kabisa ya mlipuko ilifikia nyuzi joto kati ya 3,000 na 4,000 za Selsiasi. Pili ni wimbi la hewa lililobomoa majengo na kuwafukia watu humo ndani. Tatu ni mionzi, ambayo haikuonekana wala kusikika. Kisha mioto midogo iliungana na kuwa moto mmoja ulioteketeza mji, na baadaye mvua nyeusi, iliyochanganyika na masizi na vumbi lenye mionzi, ikanyesha juu ya watu waliokuwa wakitafuta maji ya kunywa.

Kufikia mwisho wa mwaka 1945, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Idadi kamili haitapatikana kamwe, kwa kuwa familia nzima ziliangamia pamoja na nyaraka za mji, na hakubaki mtu wa kutoa taarifa ya kifo cha mwingine.

Kipimo cha Thornton Heath

Tarakimu kubwa huwa ngumu kuzifikiria. Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi kusini mwa London, huenda eneo la Thornton Heath, katika manispaa ya Croydon, likasaidia kupima.

Eneo hilo linayajua mabomu. Kuanzia Juni 1944, Ujerumani ilirusha dhidi ya London mabomu ya V-1 yaliyoruka bila rubani, na Croydon ikawa miongoni mwa sehemu zilizopigwa zaidi. Takriban mabomu 140 yaliangukia Croydon, yakiua zaidi ya watu 200 na kuharibu maelfu ya nyumba. Katika Uingereza nzima, mabomu ya V-1 yaliua watu wapatao 6,000 kwa muda wa miezi kadhaa.

Bomu moja la Hiroshima liliua zaidi ya mara kumi ya idadi hiyo, na wengi walikufa siku ileile.

Lau bomu kama lile lingelipuka juu ya kituo cha treni cha Thornton Heath, uwanja wa Selhurst Park, nyumbani kwa timu ya Crystal Palace, ungekuwa umbali wa kilomita moja tu. Hospitali kuu ya Croydon ingekuwa mbele kidogo ya hapo. Huko Hiroshima, kiasi cha nusu ya watu waliokuwa ndani ya kilomita 1.2 kutoka kitovu cha mlipuko walikufa siku hiyohiyo. Kituo cha Norbury kingekuwa umbali wa kilomita mbili, na hadi umbali huo, Hiroshima haikubakiwa na nyumba za mbao zilizosimama.

Kipimo hiki kinaonyesha jambo jingine pia. Wakati wa mashambulizi ya V-1, majeruhi wa Croydon walipelekwa hospitali, zimamoto walifika, na majirani waliwafukua majirani. Huko Hiroshima, zaidi ya asilimia 90 ya madaktari na wauguzi wa mji walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Bomu liliwapiga wagonjwa na waganga wao kwa wakati mmoja.

Ugonjwa usiojulikana

Siku chache baadaye, watu waliokuwa wamenusurika bila jeraha lolote walianza kufa. Nywele zao zilinyonyoka, wakatokwa na damu kwenye fizi, wakashikwa na homa na kuhara, na ngozi ikaota madoa ya zambarau. Madaktari waliobaki walidhani ni ugonjwa wa kuharisha damu. Ulikuwa ugonjwa wa mionzi, ambao huharibu uboho wa mifupa, yaani mahali damu inapotengenezwa.

Mwezi Septemba, Marcel Junod, daktari wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, aliwasili mjini akiwa na shehena ya dawa. Wakati huohuo, utawala wa kijeshi wa Marekani nchini Japani uliweka udhibiti wa habari, na kwa miaka kadhaa magazeti ya Japani hayakuweza kuandika kwa uhuru juu ya madhara ya bomu.

Mwaka 1947, Marekani ilianzisha tume ya kuchunguza afya ya manusura. Tume hiyo iliwapima watu lakini haikuwatibu, jambo lililoacha uchungu wa muda mrefu. Hata hivyo, uchunguzi huo, ambao tangu mwaka 1975 umeendeshwa na taasisi ya pamoja ya Japani na Marekani, ndio msingi wa mengi yanayojulikana leo kuhusu mionzi na mwili wa binadamu.

Uchunguzi ulionyesha kuwa saratani ya damu iliongezeka miaka michache baada ya mlipuko, hasa miongoni mwa watoto. Msichana Sadako Sasaki, aliyekuwa na umri wa miaka miwili siku ya bomu, alikufa kwa ugonjwa huo tarehe 25 Oktoba 1955, akiwa na miaka 12. Sanamu yake imesimama katika Bustani ya Amani. Saratani nyingine, za mapafu, matiti, tumbo na tezi, zilijitokeza baadaye zaidi. Baadhi ya watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao walizaliwa na vichwa vidogo na ulemavu wa akili. Kwa upande wa watoto waliotungwa mimba baada ya mlipuko, uchunguzi haujaonyesha ongezeko la wazi la magonjwa ya kurithi, lakini hofu ya jambo hilo iliwanyima manusura wengi wachumba na kazi.

Mapambano ya kuhesabiwa

Wajapani huwaita manusura hao hibakusha, yaani watu waliopatwa na bomu. Kutambuliwa kwao hakukuja kwa urahisi. Sheria ya kwanza ya matibabu yao ilipitishwa mwaka 1957, miaka 12 baada ya tukio, na mwaka mmoja baada ya wao kuunda chama chao cha kitaifa, Nihon Hidankyo. Sheria hiyo iliwapa kitabu maalum kinachothibitisha kuwa mwenye nacho ni mwathirika na ana haki ya kutibiwa.

Hata hivyo, wapo walioachwa nje. Makumi ya maelfu ya Wakorea walikuwa Hiroshima na Nagasaki wakati nchi yao ikitawaliwa na Japani, baadhi yao wakiwa wameletwa kwa nguvu kufanya kazi viwandani. Mwaka 1974, serikali ya Japani iliamua kuwa posho za manusura hukoma wanapoondoka nchini. Wakorea walikwenda mahakamani. Mwaka 1978, Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kuwa hata mtu aliyeingia nchini humo bila kibali ana haki ya kupewa kitabu hicho, na mwaka 2003 agizo la 1974 likafutwa.

Walionyeshewa na mvua nyeusi nje ya mipaka iliyowekwa na serikali walisubiri zaidi. Mahakama Kuu ya Hiroshima iliwapa haki Julai 2021, na serikali ikaamua kutokata rufaa. Wengi wao walikuwa wamezeeka, na wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Kufikia Machi 2025, manusura wenye vitabu hivyo walikuwa 99,130, wakiwa na umri wa wastani unaozidi miaka 86. Ilikuwa mara ya kwanza kwa idadi yao kushuka chini ya 100,000. Miezi michache kabla ya hapo, mwaka 2024, Nihon Hidankyo ilikuwa imetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Madini kutoka Shinkolobwe

Historia ya bomu hilo haianzii angani mwa Hiroshima. Tarehe 2 Agosti 1939, mwanasayansi Albert Einstein alitia saini barua kwa Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, akimtahadharisha kuwa Ujerumani ingeweza kutengeneza bomu la aina mpya. Barua hiyo ilieleza kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji.

Mgodi uliokusudiwa ni Shinkolobwe, ulio karibu na mji wa Likasi, uliojulikana wakati huo kama Jadotville. Urani iligunduliwa hapo mwaka 1915, na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilichimba mawe hayo kwa ajili ya radi, madini yaliyokuwa ghali sana na kutumika hospitalini. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa ya ajabu kwa utajiri wake: bora kabisa yalikuwa na kiwango cha urani kinachokaribia asilimia 65, ilhali sehemu nyingine duniani mawe yenye chini ya asilimia moja huhesabiwa kuwa yanafaa kuchimbwa.

Mwaka 1940, mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, akihofia kuwa Wajerumani wangeyapata, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York, yakahifadhiwa katika ghala kwenye kisiwa cha Staten. Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alifika ofisini kwake na kuyanunua. Mgodi, uliokuwa umefungwa na kujaa maji, ulifunguliwa tena kwa msaada wa wahandisi wa Kimarekani, na shehena zikaanza kusafirishwa kwa treni na meli za mtoni hadi bandari ya Matadi. Katika miaka ya vita, Kongo ilitoa sehemu kubwa ya urani yote iliyotumika katika mradi wa bomu wa Marekani.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa Wakongo. Walichimba mawe, wakayateua kwa mikono na kuyapakia katika magunia na mapipa. Mradi ulikuwa wa siri kiasi kwamba hata wengi wa wafanyakazi wa viwanda vya Marekani hawakujua wanachokitengeneza, sembuse mchimbaji wa Katanga.

Wala hawakuwa na nafasi ya kudai. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma wakitaka mishahara zaidi, kwa kuwa vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu. Askari wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira na kuua makumi ya watu. Hali hiyo ndiyo iliyokuwepo Katanga miezi michache kabla urani yake haijaanza kutafutwa na Marekani.

Sengier alitunukiwa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946.

Je, bomu ndilo lililomaliza vita?

Siku tatu baada ya Hiroshima, tarehe 9 Agosti saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu la pili, la plutoni, lilidondoshwa Nagasaki na kuua watu wapatao 74,000 kufikia mwisho wa mwaka. Tarehe 15 Agosti, Mfalme Hirohito alitangaza katika redio kuwa Japani imesalimu amri.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, tangazo hilo lilikuwa na maana ya moja kwa moja. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyojumuisha askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilikuwa imepigana na Wajapani nchini Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw na kwenye mto Chindwin. Vita vilipokwisha, maelfu ya vijana hao walikuwa bado Asia. Mama aliyekuwa akimsubiri mwanawe Machakos au Songea alikuwa na kila sababu ya kushukuru, pasipo kujua kilichotokea Hiroshima.

Watetezi wa uamuzi wa Rais Harry Truman husema kuwa bomu liliokoa maisha ya askari, na ya Wajapani wenyewe, ambao wangekufa katika uvamizi wa nchi kavu. Wapinzani hukumbusha kuwa Umoja wa Kisovieti ulitangaza vita dhidi ya Japani tarehe 8 Agosti, kuwa Japani ilikuwa imekwisha dhoofika, na kuwa wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee. Wanahistoria hawajakubaliana. Kukubali hoja ya kwanza, hata hivyo, hakuondoi deni kwa walioumia. Huenda kunalizidisha, kwa kuwa wengine waliishi kwa gharama yao.

Deni lisilo na mdai

Shinkolobwe uliendelea kuilisha Marekani wakati wa Vita Baridi. Kabla ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, Wabelgiji waliuziba kwa saruji. Katika miaka ya 1990, uchumi wa nchi ulipoporomoka, wachimbaji wadogo walirejea hapo kutafuta kobalti na shaba, wakichimba kwa mikono katika ardhi yenye urani. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo Januari 2004. Mwezi Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wasiopungua wanane, na Umoja wa Mataifa ukatuma wataalam kuchunguza hali ya usalama.

Upande wa pili wa bahari, mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1990, Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipa fidia raia waliodhurika na majaribio ya nyuklia, wakiwemo wachimbaji wa urani katika majimbo yake kadhaa. Sheria hiyo ilikoma mwaka 2024, lakini Julai 2025 ilirejeshwa na kupanuliwa. Miongoni mwa walioongezwa ni wakazi wa baadhi ya maeneo ya jimbo la Missouri yaliyochafuliwa na taka za mradi wa bomu.

Jambo hili linastahili kutafakariwa. Mawe ya Kongo yalisafishwa katika kiwanda cha kampuni ya Mallinckrodt mjini St. Louis, Missouri, na mabaki yake ni sehemu ya taka hizo. Mkazi wa Missouri aliyeugua baada ya kuishi karibu na mabaki ya mawe ya Shinkolobwe sasa anaweza kudai fidia kwa mujibu wa sheria. Mtu aliyeyachimba mawe hayohayo, au mjane wake, hatajwi katika sheria hiyo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, ulioanza kutumika Januari 2021, nao una pengo. Kifungu chake cha sita kinazitaka nchi wanachama kuwasaidia watu walioathiriwa na matumizi au majaribio ya silaha hizo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliuridhia mwaka 2022. Lakini hakuna bomu lililolipuliwa Katanga, na uchimbaji haukutajwa katika kifungu hicho.

Manusura wa Hiroshima hawakupewa haki zao kwa hisani. Walijiandikisha, walikubali kupimwa, walikwenda mahakamani, na Wakorea na watu wa mvua nyeusi wakafuata njia hiyohiyo kwa miongo kadhaa. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwa na kitu cha kuonyesha: jina, tarehe, na mahali walipokuwa asubuhi ile. Wachimbaji wa vita wa Shinkolobwe, kama wapo walio hai, wanakaribia au wamepita umri wa miaka mia moja. Kilichobaki ni orodha za malipo na nyaraka za iliyokuwa Union Minière, kumbukumbu za serikali ya kikoloni, na simulizi walizowaachia watoto wao huko Likasi na Lubumbashi. Daftari la majina yao, iwapo litaandikwa, litaanzia hapo.